Akiya banku za Japani: nyumba ya shamba kwa bei ya gari la mtumba

Wengi wetu tunaifahamu Japani kwa biashara moja, magari yaliyotumika. Mtu anafungua tovuti, anatazama picha, anasoma karatasi ya mnada. Daraja la 4 linamfurahisha, 3.5 linamfanya aulize, na akiona herufi R anajua gari liliwahi kugongwa likanyooshwa. Analipa, meli inashusha Mombasa au Dar es Salaam. Kwa mazoea hayohayo watu sasa wanafungua orodha za nyumba za mashambani za Japani, wanaona yen milioni moja, yen laki tano, nyingine sifuri kabisa, wakadhani ni biashara ileile ila bidhaa ni kubwa zaidi. Siyo. Akiya banku, yaani orodha ya nyumba tupu inayotangazwa na halmashauri, haina karatasi ya mnada. Mara nyingi hakuna aliyetambaa chini ya sakafu na tochi kabla tangazo halijawekwa, na hakuna atakayekupa daraja. Kama ubao wa matangazo tunaipa alama za juu. Kama duka hatuipi alama yoyote, kwa sababu si duka.

Akiya ni nyumba isiyokaliwa. Kiswahili kina neno lake la zamani, mahame, nalo linafaa hapa, maana mahame si lazima yawe magofu: kuta zipo, paa lipo, wenyewe ndio waliohama. Hesabu ya nyumba ya mwaka 2023 ilipata nyumba tupu kama milioni 9 nchi nzima, asilimia 13.8 ya nyumba zote. Kati ya hizo karibu milioni 3.85 hazikuwa za kupangisha, wala za kuuza, wala za mapumziko. Zimeachwa tu. Wazee wanafariki vijijini, warithi wako Tokyo au Osaka, na kuvunja nyumba ya mbao hugharimu kama yen 30,000 hadi 50,000 kwa kila tsubo, yaani kila mita za mraba 3.3. Nyumba ya tsubo 40 inataka yen milioni 1.2 hadi 2 ili kibaki kiwanja kitupu, na kikishabaki kitupu kodi inapanda, kwa kuwa ardhi yenye nyumba ya makazi hutozwa kodi kwa moja ya sita tu ya thamani yake ya tathmini katika mita za mraba 200 za kwanza. Mrithi akipiga hesabu anaona heri iendelee kusimama. Bei ya chini unayoiona ni ya mtu anayetaka kuutua mzigo, na swali la kwanza la mnunuzi liwe hilo: mzigo huo una nini ndani?

Huduma yenyewe inavyofanya kazi

Halmashauri za miji na vijiji ndizo zinazoendesha akiya banku, kila moja na yake. Tangu 2018 ziko pia tovuti mbili za kitaifa, za kampuni za LIFULL na At Home, zinazokusanya matangazo ya halmashauri nyingi mahali pamoja. Za kitaifa ni nzuri kwa kulinganisha bei za mikoa, lakini orodha ya halmashauri yenyewe mara nyingi ina nyumba ambazo hazijafika huko, na maelezo marefu zaidi.

Halmashauri haiuzi na haitoi dhamana. Inapokea ombi la mwenye nyumba, inapiga picha, inachora ramani ya vyumba na kutangaza. Mnunuzi hujaza fomu ya kujisajili, anaeleza ataitumiaje nyumba, ndipo anapangiwa siku ya kuiona. Baada ya hapo njia ni mbili. Ya kwanza ni kupitia dalali mwenye leseni aliyeandikishwa na halmashauri. Ya pili ni mnunuzi na mwenye nyumba kumalizana wenyewe kwa wenyewe, halmashauri ikikaa kando. Njia ya pili inaokoa ada ya dalali, nasi hatuipendekezi kwa mgeni hata kidogo. Dalali analazimishwa na sheria kukusomea, kupitia mtaalamu mwenye kitambulisho cha serikali, waraka uitwao juyo jiko setsumeisho kabla hujatia saini. Humo ndimo mnamoandikwa barabara, maji, majitaka, maeneo ya maporomoko na mafuriko, na vizuizi vya ujenzi. Ukimalizana na mwenye nyumba peke yako, waraka huo haupo, na yeye mwenyewe huenda hajakanyaga nyumba ya babu yake kwa miaka kumi.

Kasoro za huduma ni hizi. Karibu kila kitu kiko kwa Kijapani. Ofisi hujibu siku za kazi tu, aghalabu kwa simu. Matangazo yaliyokwisha huchelewa kuondolewa. Tena baadhi ya halmashauri hutaka mtu atakayehamia na kuishi hapo, ajiunge na chama cha wakazi wa kitongoji, ashiriki kufyeka kando ya barabara na kusafisha mifereji. Anayetaka nyumba ya likizo hukataliwa kwa upole kwenye fomu. Masharti hayo yako kwenye ukurasa wa kanuni, si kwenye tangazo la nyumba, kwa hiyo anza huko.

Ruzuku nazo zinatangazwa kwa herufi kubwa: ukarabati, kuondoa vyombo vilivyoachwa, tangi la majitaka. Mara nyingi ni za mtu aliyeandikisha makazi yake hapo na kuahidi kukaa miaka kadhaa, na ombi hupelekwa kabla kazi haijaanza. Fundi akishang'oa ubao wa kwanza, ruzuku imekwenda.

Mgeni anaruhusiwa, ila viza ni jambo jingine

Hapa Japani inawapita wengi kwa ukarimu. Kenya, Katiba ya 2010 inampa asiye raia upangaji wa ardhi usiozidi miaka 99. Tanzania, Sheria ya Ardhi ya 1999 haimpi mgeni ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Japani mgeni ananunua jengo na ardhi iliyo chini yake kwa umiliki kamili usio na mwisho, awe anaishi Japani au haishi.

Lakini hati ya nyumba haikupi haki ya kuishi humo. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania bado ataomba viza ya muda mfupi na kukaa kwenye nyumba yake mwenyewe kama mgeni, kisha aondoke. Wapo waliokuwa wakipiga hesabu ya kupata viza ya kuendesha biashara kwa kugeuza nyumba kuwa ya wageni. Tangu Oktoba 2025 mtaji unaotakiwa kwa viza hiyo umepanda kutoka yen milioni 5 hadi milioni 30, na hesabu hiyo imekufa. Kupangisha kwa usiku mmoja mmoja chini ya sheria ya 2018 kuna kikomo cha siku 180 kwa mwaka, na mwenye nyumba asiyekaa hapo lazima aajiri kampuni ya usimamizi iliyosajiliwa.

Anayekaa nje ya Japani ana karatasi za ziada. Mkazi hutumia muhuri wake uliosajiliwa na cheti chake, wewe huna, kwa hiyo unaandaa hati ya kiapo ya saini na anwani mbele ya mthibitishaji wa umma nyumbani kwako, pamoja na tafsiri ya Kijapani na nakala ya pasipoti. Tangu Aprili 2024 rejista inataka pia jina lako kwa herufi za Kirumi na mtu au ofisi ya mawasiliano ndani ya Japani. Utamteua msimamizi wa kodi anayeishi huko ili bili za kila mwaka zimfikie. Na kuna taarifa ya kununua mali isiyohamishika inayopelekwa kwa Waziri wa Fedha kupitia Benki ya Japani ndani ya siku 20.

Fedha ndiyo kona inayowakwamisha wengi zaidi. Benki za Japani hazimkopeshi asiye mkazi kwa nyumba kuukuu ya shamba, hivyo ni taslimu. Mgeni asiye mkazi ni shida kufungua akaunti ya kawaida. Uhamisho kutoka nje huchukua siku kadhaa, na benki inayopokea itauliza chanzo cha fedha kwa vielelezo. Kwa desturi siku ya kukamilisha ni moja: malipo, ufunguo na ombi la usajili vinafanyika pamoja. Fedha zako zikichelewa siku hiyo, ni wewe uliyevunja mkataba. Dalali na mtaalamu wa usajili, anayeitwa shiho shoshi, wapange tarehe baada ya fedha kuonekana, si kabla.

Rejista kwanza, picha baadaye

Karatasi ya kwanza kuomba ni nakala ya rejista kutoka ofisi ya usajili, homukyoku. Ni yen 600 dirishani, na mtu yeyote anaruhusiwa kuiomba. Isome kwa maswali matatu.

Jina la mmiliki ni la nani? Vijijini ni kawaida kukuta jina la marehemu wa vizazi viwili nyuma. Usajili wa urithi umekuwa wa lazima tangu 1 Aprili 2024, ndani ya miaka mitatu, na faini yake haizidi yen 100,000, lakini mrundikano ni mkubwa. Nyumba yenye warithi kumi na wanne haiuziki mpaka wote wamekubali, na mmoja akiwa Brazil au hajulikani aliko, utangoja. Usitoe arubuni kabla jina la muuzaji aliye hai halijaingia kwenye rejista.

Pili, ardhi imeandikwa ya aina gani? Nyumba nyingi huja na kipande cha shamba au msitu. Shamba haliuzwi bila kibali cha kamati ya kilimo ya halmashauri. Kima cha chini cha ukubwa kiliondolewa Aprili 2023, jambo lililorahisisha sana vipande vidogo vya bustani, ila bado uonyeshe kuwa utalima mwenyewe, na anayeishi nje ya nchi hapiti hapo. Wakati mwingine ua wa mbele, au hata sehemu iliyo chini ya jiko, imeandikwa shamba. Msitu ni rahisi zaidi: taarifa kwa halmashauri ndani ya siku 90.

Tatu, jengo liko kwenye rejista? Ghala, choo cha nje na chumba kilichoongezwa huwa havimo. Sharti la kuvisajili liandikwe kwenye mkataba kuwa ni juu ya muuzaji.

Mipaka nayo usiiamini kwa ramani. Katika maeneo mengi ya mashambani ramani ya rejista inatokana na upimaji wa kodi ya ardhi wa enzi ya Meiji, karne ya 19, na umbo lake linaweza kutofautiana kabisa na ukuta unaouona. Tafuta bikoni kwenye pembe zote, ukiwa na jirani. Kupima upya hugharimu laki kadhaa za yen, mara nyingi zaidi ya thamani ya kiwanja chenyewe, ndiyo sababu wauzaji huandika kuwa ardhi inauzwa kwa ukubwa wa rejista.

Barabara ya mita mbili

Kama kuna jambo moja linaloeleza kwa nini nyumba nzuri inauzwa yen laki nne, ni barabara. Sheria ya viwango vya ujenzi inataka kiwanja kiguse barabara inayotambuliwa, yenye upana wa mita 4, kwa mita 2 au zaidi. Kisipofanya hivyo, tangazo litakuwa na maneno saikenchiku fuka: haijengwi upya. Nyumba iliyopo unaweza kuikalia mpaka ianguke, lakini ikiungua huruhusiwi kusimamisha nyingine. Barabara nyembamba zilizokuwepo zamani hukubalika kwa sharti la kurudisha uzio nyuma mpaka mita 2 kutoka katikati ya barabara, na hapo unapoteza ukanda wa ua.

Zamani wajanja walizinunua nyumba hizi na kuzivua mpaka zikabaki nguzo, kisha wakazijenga ndani kama mpya. Tangu 1 Aprili 2025 ukarabati mkubwa wa nyumba ya mbao ya ghorofa mbili unahitaji uthibitisho wa ujenzi, na nyumba isiyogusa barabara haiwezi kuupata kirahisi. Makala na video za kabla ya tarehe hiyo bado zinasambaa zikifundisha mbinu ya zamani. Kwa upande mwingine, kanuni ya barabara inatumika ndani ya maeneo ya mipango miji, na vijiji vingi vya milimani viko nje ya maeneo hayo. Muulize dalali kwa neno hilohilo, toshi keikaku kuiki, kiwanja kiko ndani au nje. Na kikiwa kwenye shigaika chosei kuiki, eneo la kuzuia upanuzi wa mji, jua kwamba hata kujenga upya au kubadili matumizi kunaweza kudai kibali maalumu.

Mwaka wa nyumba

Tarehe ya kukumbuka ni 1 Juni 1981, siku kanuni mpya za tetemeko zilipoanza. Kinachohesabika ni siku kibali cha ujenzi kilipothibitishwa. Nyumba iliyokamilika mwishoni mwa 1981 inaweza kuwa imejengwa kwa kanuni za zamani. Nyumba za mbao zilikazwa tena mwaka 2000, hasa vyuma vya kuungia nguzo na mpangilio wa kuta. Katika tetemeko la rasi ya Noto la 1 Januari 2024, nyumba za mbao za kabla ya 1981 ziliporomoka kwa wingi, zikiwa na mapaa mazito ya vigae juu ya kuta chache.

Kominka, zile nyumba za kale zenye boriti nene zilizopinda na nguzo zilizokaa juu ya mawe bila msingi wa zege, ndizo zinazopigwa picha zaidi. Ni majengo ya kuheshimiwa. Ila fundi wa kisasa aliyezoea kubandika mbao za kiwandani huziharibu: anafunga ukuta wa udongo kwa plastiki, unyevu unanaswa, na baada ya majira mawili ya mvua mchwa wameingia kwenye vitako vya nguzo. Anayetaka kominka atafute seremala wa jadi kwanza, nyumba baadaye. Halmashauri nyingi hutoa ruzuku ya kupima uimara wa nyumba za kabla ya Juni 1981, kipimo chenye thamani kuliko picha mia.

Ukaguzi wa kawaida wa nyumba ni kama yen 50,000 hadi 100,000. Lipia ile nyongeza ya mkaguzi kuingia chini ya sakafu na juu ya dari, la sivyo umelipia mtu kutazama kuta. Chini ya sakafu anatafuta mirija ya udongo ya mchwa kwenye vitako vya nguzo, mbao zinazobonyea, na unyevu wa bafuni. Juu ya dari anatafuta madoa ya maji kwenye kenchi. Wewe mwenyewe beba golori: iweke sakafuni kwenye vyumba vinne, uone inakimbilia wapi. Nyumba ya mbao huanza kufa paa likivuja. Mwaka wa kwanza ni doa, wa tatu boriti imeoza, wa sita sakafu ya juu inashuka. Kwa hiyo swali la umri wa nyumba lina uzito mdogo kuliko hili: imefungwa tangu mwaka gani, na nani amekuwa akiifungulia madirisha?

Vitu vilivyomo ni kazi yako isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Magodoro, makabati, vyombo vya udongo, na mara nyingi butsudan, madhabahu ya familia, ambayo mafundi wengi hawaigusi mpaka kasisi wa Kibudha ameifanyia ibada ya kuiaga. Kuiondolea nyumba nzima vyombo hufika laki kadhaa za yen. Mwambie muuzaji aitoe madhabahu mwenyewe. Hilo hawalikatai.

Maji na choo

Tangazo likisema kumitori, choo ni cha shimo na huja gari la kunyonya. Likisema jokaso, kuna tangi la kusafisha majitaka uani. Uliza ni la aina gani. Matangi ya zamani, tandoku, husafisha ya choo tu, yakiacha ya jikoni na bafuni yaende mtaroni, na hayajaruhusiwa kuwekwa upya tangu 2001. La kisasa hupangwa kwa ukubwa wa nyumba, si kwa idadi yenu: mpaka mita za mraba 130 ni tangi la watu 5, zaidi ya hapo la watu 7, na nyumba yenye majiko mawili na bafu mbili ni la watu 10. Mzee aliyeishi peke yake kwenye nyumba ya mita 180 alitakiwa tangi la saba, na wewe pia. Kuweka jipya ni kama yen milioni moja kabla ya ruzuku, kisha kuna ukaguzi wa kisheria na kunyonya tope kila mwaka.

Maji ya bomba yapo sehemu nyingi, lakini milimani nyumba kadhaa hushirikiana chemchemi moja na bomba la plastiki linalopita kwenye kiwanja cha mtu. Haki hiyo ipate kwa maandishi. Katika mikoa ya baridi kama Nagano, maji lazima yatolewe kwenye mabomba kabla ya kufunga nyumba. Yakiganda bomba linapasuka ndani ya ukuta, nawe utalijua theluji ikiyeyuka. Niigata, Akita na Yamagata theluji yenyewe ni gharama: paa linafagiliwa mara kadhaa kwa msimu, na asiyekuwepo analipa watu.

Hesabu ya nyumba ya yen milioni 1.5

Tuchukue nyumba ya bei hiyo, ambayo kwa yen 150 kwa dola ni dola 10,000, yenye tathmini ya serikali ya yen milioni moja kwa ardhi na yen 800,000 kwa jengo. Ada ya dalali: tangu 1 Julai 2024, kwa nyumba isiyozidi yen milioni 8, dalali anaruhusiwa kutoza mpaka yen 330,000 pamoja na kodi, ilimradi mmekubaliana mapema. Wengi hutoza yote. Ushuru wa usajili kwa ardhi, kwa kiwango cha punguzo cha asilimia 1.5, ni yen 15,000, na kwa jengo, asilimia 2, ni 16,000. Shiho shoshi tukadirie 80,000. Ukaguzi 80,000. Stempu ya mkataba 1,000. Kisha, miezi kadhaa baadaye wakati umeshasahau, inakuja bili ya kodi ya kupata mali: asilimia 3 ya nusu ya tathmini ya ardhi, yaani 15,000, na asilimia 3 ya jengo, 24,000. Jumla ni yen 561,000, zaidi ya theluthi ya bei, na hujanunua msumari hata mmoja.

Kila mwaka kuna kodi ya mali ya asilimia 1.4 ya tathmini, ambayo kwa nyumba kama hii ni ndogo, kwani ardhi ina lile punguzo la moja ya sita. Ila halmashauri ikiiandika nyumba kuwa ya hatari au, tangu marekebisho ya Desemba 2023, kuwa isiyotunzwa vizuri, na mwenyewe akapuuza ushauri wao rasmi, punguzo linaondolewa. Bima ya tetemeko hukatwa juu ya bima ya moto na hulipa kati ya asilimia 30 na 50 ya kiwango chake, kwa nyumba za makazi. Nyumba iliyofungwa mwaka mzima huenda isikubaliwe.

Kwa ukarabati wa kuifanya ikalike, bafu, jiko, nyaya, tangi na sehemu ya paa, weka yen milioni 4 hadi 8 kwa nyumba iliyosimama vizuri. Kazi ya kuanzia yen milioni moja, mkandarasi hupeleka ripoti ya uchunguzi wa asbesto kabla ya kuanza, kanuni ya tangu Aprili 2022. Kama makisio yake hayana mstari huo, makisio hayajakamilika.

Mkataba wenyewe utakuwa wa kuuza kama ilivyo, na kifungu kinachomwondolea muuzaji dhima ya kasoro. Hilo ni la kawaida kwa bei hizi, na kubishana nalo ni kupoteza nyumba. Unachoweza kudai ni karatasi ya muuzaji ya kutaja kasoro anazozijua: mvujo, mchwa, moto, kifo kilichotokea ndani, ugomvi wa mpaka. Kasoro aliyoijua akainyamazia, kifungu hakimkingi. Arubuni ni asilimia 5 hadi 10. Ukijitoa mapema unaipoteza, akijitoa yeye anarudisha mara mbili.

Nyumba za sifuri si za bure pia. Ukipewa bila malipo, huhesabiwi mnunuzi, unahesabiwa mpokea zawadi, na kodi ya zawadi hupigwa juu ya tathmini inayozidi yen milioni 1.1 kwa mwaka, pamoja na ada za usajili. Nyumba yenye tathmini ya milioni 3 inayotolewa bure bado itakugharimu laki kadhaa za yen.

Kutoka ni kugumu kuliko kuingia. Sheria iliyoanza 27 Aprili 2023 inaruhusu ardhi kurudishwa kwa serikali, lakini ni ardhi ya urithi tu, iliyokwisha kuvunjwa majengo, na kwa kulipia. Aliyenunua hana mlango huo. Ataitangaza tena kwenye akiya banku ileile, kwenye foleni na majirani zake, au atalipa kuivunja, na kwa bei za tsubo tulizotaja juu, kuvunja nyumba ya yen milioni 1.5 kunaweza kumzidi bei aliyoinunulia.